Seva ya Akiba Si Bekapu: Maelezo kwa Hoteli, Sacco na Vituo vya Afya vya Malindi na Lamu

Umeme ukikatika kwa muda mrefu huku kwetu Malindi, simu za ofisi yetu hazinyamazi. Hoteli haijui mgeni gani anaingia leo, sacco haiwezi kulipa wanachama, kituo cha afya hakina rekodi za wagonjwa. Malalamiko ya namna hii yamezidi, ndiyo sababu ya kuandika kuhusu kanzidata (hifadhi ya data ya kompyuta) ya akiba, ile inayoifuata kanzidata kuu muda wote ili ishike kazi pale kuu inapoanguka. Haya ni maelezo ya jumla. Hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili wala mkataba wenu na mtu anayewatunzia mifumo.

Tukiuliza taasisi kama ina kanzidata ya akiba, jibu la kawaida ni "tunayo bekapu". Hicho ni kitu kingine kabisa, na tumeshalieleza hili mara nyingi: bekapu ni nakala ya data ya wakati fulani, iliyowekwa kando. Akiba hupokea kumbukumbu za miamala kutoka kanzidata kuu na kuzitekeleza papo hapo. Karani akifuta jedwali la wanachama kimakosa saa nne asubuhi, sekunde chache baadaye limefutika na kwenye akiba pia. Akiba inakukinga mashine inapokufa. Mkono wa binadamu unapokosea, kinga yako ni bekapu. PostgreSQL, programu ya kuendesha kanzidata, inaruhusu akiba icheleweshwe kwa makusudi, tuseme kwa saa moja, ili kosa ligunduliwe kabla halijafika huko. Ni jambo zuri, lakini haliondoi haja ya bekapu.

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, alikuwa akihangaika na seva ya akiba iliyobaki nyuma. Akafuta saraka ya data akidhani yuko kwenye akiba, kumbe yuko kwenye seva kuu. Walipokimbilia bekapu za kila siku, wakakuta zimekuwa zikishindikana kimyakimya: programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na kanzidata, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani. Wakapoteza data ya takriban saa 6. Hiyo ni kampuni ya wahandisi watupu. Kwa hiyo meneja anayetuambia "fundi alishaweka" bado hajajibu swali.

Mahali pa kuweka akiba ni pengine kabisa. Diski mbili ndani ya seva moja si akiba. Seva mbili zilizopangwa kwenye chumba kimoja cha Mji wa Kale wa Lamu, ambako nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, zitateketea kwa moto mmoja, na hewa ya chumvi inazila zote mbili sawasawa. Moja ikae Mombasa au Nairobi.

Umbali una gharama yake. Kanzidata kuu ikilazimika kusubiri akiba ithibitishe kila muamala, hakuna muamala uliothibitishwa utakaopotea, ila kila kazi inangoja mtandao, na laini ikikatika kazi inaweza kusimama kabisa. Isiposubiri, kazi inaenda haraka, lakini siku ya ajali miamala ya mwisho haitakuwepo. Oracle Data Guard, mfumo wa akiba wa kanzidata za Oracle, inayo hata hali ambamo kanzidata kuu hujizima yenyewe ikikosa akiba ya kuthibitisha. Kwa laini zetu za pwani, ushauri wetu kwa hoteli ni kutosubiri. Sacco yenye uwezo iweke akiba ya kusubiriana papa hapa mjini, katika jengo jingine, na nyingine isiyosubiri iwe mbali.

Hatari inayodharauliwa kupita zote huja umeme ukisharudi. Chukulia akiba ya Mombasa imeshika kazi saa nane mchana. Saa kumi umeme unarudi, seva ya zamani inawaka yenyewe, na mtu wa mapokezi anaendelea kuingiza wageni humo. Sasa kuna kanzidata kuu mbili, kila moja na ukweli wake, na chumba kimoja kimepewa familia mbili. Manahodha wawili, chombo huenda mrama. Seva ya zamani lazima izuiwe kabisa kupokea maandishi, na irudi ikiwa akiba baada ya kusawazishwa na kuu mpya.

Kuhusu sheria, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 41, inataja uwezo wa kurejesha upatikanaji wa data binafsi kwa wakati baada ya ajali. Akiba yenyewe imebeba majina na rekodi zilezile za watu, kwa hiyo ilindwe sawasawa na seva kuu. Mtu asiyeruhusiwa akiifikia data hiyo na kukawa na hatari halisi ya madhara kwa wahusika, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Anayechakata kwa niaba yenu ana saa 48 kuwaarifu ninyi. Faini ya kiutawala hufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo. Na tafadhali, wenye hoteli na vituo vya afya, msituambie "sisi ni wadogo". Msamaha wa kujisajili kwa wenye mapato chini ya milioni 5 na wafanyakazi chini ya 10 hauzihusu sekta hizo mbili. Cheti hudumu miezi 24, kisha hufanywa upya.

Zoezi la kubadilishana zamu kati ya kuu na akiba lifanyike mchana wa siku ya kazi, wafanyakazi wakijua. Hakikisheni akiba haiko nyuma, simamisheni maandishi kwenye kuu, ipandisheni akiba iwe kuu, kisha mwachieni karani, si fundi, afungue akaunti moja na kutoa risiti. Andikeni saa mliyoanza, saa risiti ilipotoka na muamala wa mwisho uliopatikana. Siku inayofuata rudisheni zamu kwa hatua zilezile, na daftari hilo libaki ofisini kwa meneja.