Je, wajua jinsi ya kutambua mashine iliyotia madoido kwenye video za karaoke za zamani?

Pioneer walianza kuuza karaoke ya diski za leza nchini Japani mwaka 1982, na kwa miaka mingi baadaye video zake zilifanana: ufukwe, taa za mji usiku, maneno yanayobadilika rangi chini ya skrini. Ila angalia picha moja inavyoipisha nyingine. Mara inajikunja kama ukurasa, mara inamezwa na umbo la moyo. Madoido hayo yalitoka kwenye mashine fulani, na mara nyingi mashine huacha alama.

Anza na mwaka wa diski, maana huo ndio unaofuta majina mengi kwa mkupuo. Video Toaster ya NewTek, kadi iliyochomekwa kwenye kompyuta ya Amiga, ilitoka mwaka 1990. Diski ya 1986 haiwezi kuwa kazi yake, hata madoido yafanane vipi.

Kisha tazama umbo la picha yenyewe. Ikizunguka angani ikiwa bado bapa, upande mmoja ukisogea mbali na mwingine ukikaribia, fikiria mashine za jamii ya Ampex ADO, ya mwaka 1981. Ikipinda kweli, ikaviringika au kugeuka tufe, hapo unazungumzia kitu kama Quantel Mirage ya 1982, mashine ya studio kubwa na bajeti kubwa. Moyo, nyota na duara havithibitishi chochote, kwa sababu karibu kila mikisa ya picha, yaani mashine ya kuchanganya picha za video, ilikuwa navyo. Kondoo wanaodondoka kutoka juu ya skrini, hao ni wa Toaster.

Sehemu ninayoipenda mimi ni kusogeza video fremu kwa fremu, yaani picha moja moja. Deki mbili za video za kawaida haziendi sawasawa zenyewe. Ili picha zake zichanganyike, mashine huhifadhi picha ya deki moja kwenye kumbukumbu ikiisubiri ya nyingine. Mikisa za bei nafuu zenye kumbukumbu ndogo ziligandisha picha. Kwa hiyo mwimbaji akiganda ghafla, mguu ukiwa hewani, sekunde ileile moyo unapoanza kufunguka, kuna uwezekano mkubwa kazi haikufanyiwa studio ya kifahari. Hesabu pia fremu za kila mpito, yaani picha moja inapoipisha nyingine. Zikiwa sawa daima, mhariri alibonyeza kitufe. Zikipishana, kuna mkono uliokuwa unasukuma kishikio.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi hukisahau: mfumo wa televisheni. Japani na Marekani zilitumia NTSC, yenye mistari 525. Tanzania na Kenya zilitumia PAL, yenye mistari 625. Video Toaster ya mwanzo ilifanya kazi kwa NTSC pekee. Kwa hiyo mkanda uliorekodiwa na kuhaririwa kwa PAL tangu mwanzo, uwe wa karaoke au wa harusi, haukupitia humo.

Hata hivyo, mara nyingi utafika kwenye jamii ya mashine tu, si modeli kamili. Na usitegemee video ya intaneti iliyonakiliwa kutoka kanda ya VHS: kingo zimeshalainika, na mara nyingi nusu ya picha za mwendo zimetupwa wakati wa kuipakia. Ni afadhali utafute diski yenyewe.