Si kila skrubu ya nyota hufunguliwa na bisibisi ile ile

Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba bisibisi yoyote ya nyota hufungua skrubu yoyote ya nyota, na ikigoma dawa ni kuongeza nguvu. Si kweli, na inasikitisha kuona vichwa vizima vya skrubu vikilika bure.

Nyota hizi hazifanani. Ya Phillips, iliyosajiliwa Marekani miaka ya 1930, ina kuta zilizoinama: ukizungusha bila kukandamiza, bisibisi hupanda na kuchomoka. Pozidriv ina kuta zilizosimama zaidi. Utaitambua kwa mistari minne myembamba iliyochorwa kati ya mikono ya msalaba. Skrubu za Kijapani, ambazo nyingi huwa na kidoti kichwani, zina umbo lao. Ndiyo maana kwenye pikipiki za Japani Phillips mara nyingi huishia kukwangua.

Saizi nayo ina uzito wake. Ncha ya PH1 (saizi ndogo ya Phillips) ndani ya tundu la PH2 (saizi inayofuata kwa ukubwa) itacheza tu. Ichomeke, uitikise kwa vidole; ikilegea, badilisha kabla ya kuzungusha.

Kama ni kutu, weka mafuta ya kulainisha kutu, uyaache yapenye, kisha tumia bisibisi ya kugonga. Pigo la nyundo huisukuma ncha ndani na kuizungusha kwa wakati mmoja, na hapo haipati nafasi ya kuchomoka.

Skrubu za pembe sita zenye kijiti kidogo cha chuma katikati zinataka ncha yenye tundu. Usizilazimishe kwa bisibisi bapa.