Dakika 30 baada ya mazoezi: huna haja ya kukimbizana na saa

Wengi wanaonyanyua vyuma huamini kwamba wasipopata protini ndani ya dakika 30 baada ya mazoezi, jasho lao limekwenda bure. Si kweli. Misuli iliyofanya kazi huendelea kutumia protini kujijenga kwa saa 24 au zaidi, na mlo uliokula saa 2 kabla bado unasagwa na kuingia kwenye damu wakati unaweka vyuma chini.

Kinachoamua zaidi ni jumla ya protini ya siku: takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 70 anahitaji kama gramu 112. Akizigawa kwa milo 4, ni gramu 28 kila mlo.

Umefanya mazoezi alfajiri bila kutia kitu tumboni? Hapo kula mapema. Una mazoezi mengine mazito ndani ya saa 8? Kimbilia wanga, gramu 1 kwa kilo kila saa kwa saa 4 za mwanzo, maana akiba ya glaikojeni (wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini) hujaa taratibu.

Kosa baya zaidi hufanyika kabla: mlo wenye mafuta mengi dakika 40 kabla ya kukimbia. Mafuta hukawia tumboni, damu inakwenda miguuni, kichefuchefu kinakukamata njiani. Mlo kamili uwe saa 3 kabla.