Jasusi ndani ya begi: uvumi na ukweli kuhusu kifo cha Gareth Williams

Tarehe 23 Agosti 2010 polisi waliingia kwenye nyumba moja huko Pimlico, London, wakakuta begi kubwa jekundu limewekwa ndani ya bafu la kuogea. Zipu ilikuwa imefungwa na kutiwa kufuli kwa nje. Ndani yake mlikuwa na maiti ya Gareth Williams, mwanahisabati kutoka Wales, mwenye umri wa miaka 31. Mwajiri wake alikuwa GCHQ, idara ya Uingereza inayonasa mawasiliano, lakini wakati huo alikuwa ameazimwa kwa MI6, idara ya ujasusi wa nje. Tangu hapo, ukitaja "taarifa rasmi" kuhusu kifo hiki watu huguna. Wana haki ya kuguna, ila mara nyingi sababu wanazozitoa siyo zile zenye uzito.

Dhana: Alichomwa visu na kukatwakatwa.

Siyo kweli. Siku za mwanzo magazeti kadhaa yaliandika hivyo na wapo wanaolirudia hadi leo. Polisi walikanusha mapema: hakukuwa na jeraha la kisu wala kiungo kilichokatwa.

Dhana: Serikali ilishasema alijifungia mwenyewe.

Serikali ipi? Mei 2012 Fiona Wilcox, aliyeongoza mahakama ya uchunguzi wa kifo hicho, alisema hakikuwa kifo cha kawaida na kwamba yaelekea kuna mkono wa jinai ndani yake. Alipoupima ushahidi aliona kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa Williams aliuawa kuliko kutouawa. Novemba 2013 polisi wa London, kupitia kwa ofisa wao mwandamizi Martin Hewitt, wakaja na jibu jingine: yamkini alikuwa peke yake na alikufa kwa ajali. Dola ni moja, maiti ni moja, na majibu hayapatani. Kwa hiyo anayeikataa taarifa rasmi ya 2013 hajaokota habari vijiweni. Ameshika taarifa rasmi ya 2012.

Wanaoamini aliuawa nao huivuta kauli ya Wilcox kupita urefu wake. Hakutoa uamuzi wa kuuawa kinyume cha sheria, kwa kuwa wakati ule uamuzi huo ulidai ushahidi wa kiwango cha kesi ya jinai, na ushahidi huo hakuwa nao. Alisema pia kuwa haelekei kuona siku ambayo kifo hiki kitapata maelezo ya kuridhisha. Sehemu hiyo hainukuliwi sana.

Dhana: Imethibitishwa kwamba mtu hawezi kujifungia ndani ya begi lile.

Mahakamani walisikilizwa wataalamu wawili waliojaribu kujifungia katika begi la aina ile ile. Mmoja alijaribu mara 300, mwingine mara 100, na wote walishindwa. Hizo namba zimesafiri dunia nzima. Kilichosafiri kidogo ni kwamba baada ya mahakama kumaliza kazi, watu wengine walijaribu na wakaweza, na polisi walipotoa hitimisho lao mwaka 2013 walisema jambo hilo linawezekana.

Mimi naona swali la "inawezekana au haiwezekani" limekula muda mwingi kuliko linavyostahili. La maana zaidi ni alama zilizokosekana. Alama za vidole vya Williams hazikuonekana kwenye kufuli, wala alama za mikono au miguu yake kwenye ukingo wa bafu. Mtu anajikunja kuingia kwenye begi lililomo ndani ya bafu bila kushika ukingo wowote? Wanaosema alikuwa peke yake hawajalijibu hilo vizuri. Wanaosema aliuawa nao wana mzigo wao: hakuna dalili za kuvunja mlango, hakuna jeraha la kupigana. Funguo za lile kufuli zilikutwa ndani ya begi chini ya mwili, na kila upande huzitumia kama ushahidi wake.

Dhana: Mkononi mwake kulikutwa DNA ya muuaji asiyejulikana.

Polisi waliifuata DNA hiyo kwa muda mrefu. Mwishowe ikabainika ni ya mtaalamu wa maabara aliyeshughulikia ushahidi, na mkanganyiko ulitokana na kosa la kuchapa wakati wa kuingiza taarifa kwenye kompyuta. Maabara iliomba radhi. Hakuna njama hapo, ni uzembe tu, lakini jaribu kumweleza hivyo mtu aliyekwisha kujenga imani yake juu ya muuaji mwenye DNA.

Dhana: MI6 ndio walimuua.

Wilcox alisema hakuna ushahidi wa hilo, ingawa aliona ni haki wachunguzi kuliangalia. Kinachojulikana kuhusu MI6 ni cha aina nyingine, na kwa maoni yangu ndicho kilicholea shaka kuliko begi lenyewe. Williams hakufika kazini karibu wiki nzima na ofisi haikutoa taarifa. Mkuu wa MI6 wa wakati huo, John Sawers, aliiomba familia radhi kwa hilo. Flashi tisa zilizokuwa kazini kwake hazikufikishwa kwa wapelelezi wa mauaji. Walizisikia kesi ikiwa tayari mahakamani. Wafanyakazi wenzake nao awali walihojiwa na polisi wa kupambana na ugaidi badala ya wapelelezi wenyewe wa kesi, na Wilcox aliukemea utaratibu huo waziwazi.

Dhana: Wanaotilia shaka ni wapenda njama tu.

Familia yake yenyewe ilisema mwaka 2013 kwamba inasimama na matokeo ya mahakama, siyo ya polisi.

Dhana: Vipimo vipya vya DNA vitamaliza ubishi.

Vimeshafanyika. Ushahidi ulipitiwa upya kimaabara, na Februari 2024 polisi wakatangaza kuwa hakuna DNA mpya iliyopatikana. Hata ingepatikana, ingeonyesha nani alikuwemo chumbani, siyo kilichomuua. Chanzo cha kifo hakikuweza kubainishwa kwa kuwa mwili ulikuwa umeharibika mno, na uliharibika katika wiki ile ambayo ofisi yake ilikaa kimya.