"Tungoje, Bei za RAM Zitateremka": Dhana Zinazoziumiza Ofisi na Hoteli Zetu

"Fundi, si tungoje masika yapite? Bei zitateremka tu." Maneno haya nayasikia hapa Zanzibar, hotelini Paje, dukani Mlandege na ofisini Chake Chake, na anayeyasema huwa ameshaamua. Nikimuuliza kwa nini anadhani zitateremka, jibu ni moja: kompyuta siku zote hushuka bei. Basi leo nayaandika mahali pamoja majibu yangu kuhusu RAM, memori inayoshika kazi ambayo kompyuta inaifanya wakati huo, maana nimechoka kuyarudia kwenye simu.

Dhana: anayengoja hununua rahisi

Kwa miaka mingi ilikuwa kweli. Aliyestahimili mwaka mmoja alipata mashine bora kwa pesa ileile, na wahasibu wetu wakazoea hivyo. Lakini tangu mwishoni mwa 2025 mambo yamegeuka. RAM za DDR5, kizazi kipya, kwenye maduka ya nje zilipanda zaidi ya mara mbili kati ya Septemba na Desemba mwaka huo, na chanzo chake hakihusiani na masika wala msimu wa watalii.

Karibu chipu zote za RAM duniani hutoka kwa kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Kampuni hizo hizo ndizo zinazotengeneza HBM, memori ya kasi kubwa inayokwenda pamoja na chipu za akili mnemba kwenye vituo vya data. Micron wenyewe wameeleza kwamba HBM hula karibu mara tatu ya sahani za silikoni kuliko DDR5 kwa ujazo uleule. Ni unga mmoja: mwenye harusi akishachukua magunia, muuza chapati za asubuhi anagombania kilichobaki. Na mwenye harusi huyu analipa vizuri, kwa mikataba mirefu. Desemba 2025 Micron ikatangaza kuachana na Crucial, jina ambalo sisi mafundi tumelichomeka kwenye laptopu za watu miaka na miaka, ili nguvu zake ziende kwa wateja wakubwa.

Kiwanda kipya cha chipu hakijengwi kwa msimu mmoja. Kile ambacho Micron inajenga Idaho, Marekani, kinatarajiwa kuanza kutoa chipu mwaka 2027, na baina ya kuanza na bidhaa kufika rafu za Darajani kuna miezi mingi. Wanaosema "hali hii si mara ya kwanza" wamesema kweli, ila waitazame vizuri hiyo mara iliyopita: bei zilianza kupanda mwaka 2016 na hazikuanza kuteremka mpaka mwishoni mwa 2018. Aliyengoja masika ya 2017 yapite alikuta bei iko juu zaidi.

Wakati unangoja, mashine yako haingoji. Hapa kwetu hewa ya chumvi hula feni na miguu ya RAM, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo humalizia kazi. Kompyuta ya mapokezi ikizima moja kwa moja mwezi wa Agosti, wageni wamejaa na foleni iko mlangoni, utanunua chochote kilichopo siku hiyo kwa bei yoyote utakayotajiwa. Mara nyingi hata hakipo Unguja. Kitaagizwa Kariakoo, kije na boti, na wewe unaandika majina ya wageni kwa mkono.

Sisemi mkanunue kila kitu leo. Ninachosema ni kwamba mashine mnayojua wazi kuwa mtaihitaji ndani ya mwaka huu, inunueni sasa, na zilizobaki zirefushieni maisha. Ili kujua ipi ni ipi, wekeni daftari. Nawasihi kwa hili kuliko jambo jingine lolote. Kila mashine na mstari wake: anayeitumia, mwaka iliponunuliwa, RAM yake kiasi gani na ya aina gani, nafasi ngapi za kuchomekea na ngapi ziko tupu, diski ni SSD (ya chipu, isiyozunguka) au ni ile ya kuzunguka, Windows gani. Kazi hiyo haitaki mtaalamu, kijana yeyote wa ofisi anaweza kuimaliza.

Ofisi moja iliniita niwaandikie profoma ya RAM, yaani hati ya bei kabla ya kununua. Kabla sijaandika niliomba kuona stoo. Chini ya maboksi ya karatasi kulikuwa na laptopu zilizovunjika vioo, zinangoja kutupwa. Nikafungua kifuniko cha chini cha moja: RAM nzima, haina doa, kibandiko kimeandikwa 8GB PC4-2666V. Ya pili hivyo hivyo. Zote zikaingia kwenye mashine za wahasibu jioni ile, na profoma ikafupika. Hakuna aliyekuwa akijua kwamba mali hiyo ipo, kwa sababu haikuandikwa popote.

Dhana: wenye maduka wa Darajani wametupandishia

Wamo wenye tamaa, kama kila soko. Lakini muuzaji akiuza kwa bei ya zamani hawezi kujaza rafu kwa bei mpya. Acheni kugombana naye, gombaneni na bajeti zenu. Mnaanza mwaka wa fedha Julai mkiwa na profoma ya Novemba, kisha mnashangaa fedha hazitoshi. Ombeni profoma mpya wiki ya kununua, na muulize inashikilia bei kwa siku ngapi.

Dhana: tuchukue ya 8GB, tutaongeza baadaye

Laptopu nyingi nyembamba siku hizi RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi. Hakuna nafasi ya kuchomeka, hakuna baadaye. Ulizeni kabla ya kulipa. Kwa kazi ya ofisi chukueni 16GB tangu mwanzo, na 32GB muiache kwa anayehariri video au kuchora ramani za majengo.

Dhana: DDR4 ni ya zamani, kwa hiyo itakuwa rahisi

DDR4 ni kizazi kilichotangulia DDR5. Watengenezaji wamekuwa wakiipunguza, nayo ikapanda pia. Na tafadhali msininunulie DDR4 kwa mashine ya DDR5 mkidhani nitailazimisha. Pengo la katikati haliko mahali pamoja, haiingii.

Dhana: mashine nzito ni RAM ndogo

Fungueni Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kinachotumika, mashine ikiwa nzito. Mara kwa mara ninakuta memori iko asilimia 60 na diski asilimia 100, ile ya kuzunguka, inalia kama inasaga kokoto. Hapo RAM haisaidii. SSD nazo zimepanda, kwani chipu zake zinagombaniwa vilevile, lakini SSD ndogo bado ni rahisi mno kuliko mashine mpya. Walimu wa skuli hasa wanipe masikio kwenye hili.

Dhana: Windows 10 imekwisha, tutupe mashine zote

Msaada wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hilo ni kweli. Lakini Microsoft inaziuzia ofisi masasisho ya usalama kwa muda usiozidi miaka mitatu: dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, kisha bei inaongezeka maradufu kila mwaka. Kwa mashine yenye afya isiyokubali Windows 11, kulipia mwaka mmoja kunaweza kukuvusha bila kununua kipindi hiki kibaya. Anzeni na mashine zinazoshika fedha na taarifa za wageni, na msichelewe kujiunga: anayeingia mwaka wa pili hulipishwa na wa kwanza.