Koa wa Baharini: Si Jongoo, Si Mnyoo

Maji yakipwa Chwaka au Jambiani, Unguja, koa akionekana juu ya mwamba huitwa jongoo na basi. Sivyo. Jongoo bahari, yule anayekaushwa na kusafirishwa Asia, ni ndugu wa kiti cha pweza. Koa ni wa ukoo wa konokono, chaza na pweza mwenyewe. Na kuna mengine yasemwayo juu yake yasiyo sawa; tuyapitie moja moja.

"Hakuwahi kuwa na gamba." Wengi wao hutoka yaini na kagamba kadogo, wakaelea na mkondo, kisha hulivua wanapotua penye chakula chao.

"Bila gamba hana kinga." Hapa ndipo penye utamu. Koa mwenye vinyweleo vinene mgongoni hula anemoni, viumbe wa baharini wachomao, na jamaa zao, lakini vichomeo vyao havimeng'enyi vyote: huvipitisha hadi ncha za vinyweleo hivyo, vikawa silaha yake. Wengine hula sifongo zenye sumu na kuihifadhi ngozini. Yupo mwekundu mkubwa, *Hexabranchus sanguineus*, anayeweza kuzidi sentimita 30. Akisumbuliwa hukunjua kingo za mwili na kuogelea kwa mawimbi. Mayai yake, utepe uliojizungusha kama waridi, nayo yana sumu.

"Rangi zile ni za kumvutia mwenzake." Mwenzake hazioni! Macho ya koa hutambua mwanga na giza, si zaidi sana. Hutafutana kwa harufu, kwa pembe mbili za kichwani. Rangi ni onyo kwa samaki. Na kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, ingawa kwa kawaida bado humhitaji mwenziwe.

"Ukimgusa umekwisha." Wengi hawakudhuru, ila si sababu ya kuwashikashika. Wa kuogopa kweli ni *Glaucus*, mdogo wa buluu anayeelea tumbo juu: hula viumbe wachomao wa juu ya maji, na mchomo wao huwa wake.

"Hawa wamejulikana juzi, na wapiga mbizi." Charles Eliot, kamishna wa Uingereza Afrika Mashariki kuanzia 1900 hadi 1904, alikuwa akiandika makala za kisayansi kuhusu makoa wa Zanzibar na pwani hii huku akishika madaraka. Mmoja alimwita *Halgerda wasinensis*, kwa jina la Wasini, kisiwa cha Kenya ng'ambo ya mkondo wa Pemba.