Chupa zenye jina la mji: dhana ya kukusanya chupa za kale za kwenu

Mkusanyaji wa chupa za kale akisema anakusanya chupa za kwao, hana maana ya kila chupa kuukuu iliyookotwa jirani. Anazungumzia chupa ya kioo yenye maandishi yaliyonyanyuka ubavuni: jina la mwenye biashara, alichokuwa akiuza, na mji aliouzia. Maandishi hayo si lebo wala rangi. Ni kioo chenyewe kilichoinuka, hata gizani unaweza kuyasoma kwa kidole. Chupa za namna hii zilitengenezwa kwa wingi Uingereza na Marekani, kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na huko ndiko wakusanyaji wake wengi waliko mpaka leo.

Wengi hudhani jina liliwekwa kwa ajili ya kujitangaza. Ni kweli kwa sehemu, ila kwa chupa za soda na bia kulikuwa na jambo zito zaidi: chupa ilikuwa mali ya kiwanda. Kinywaji kiliuzwa, chupa iliazimwa tu. Yeyote aliyewahi kutumwa soda dukani akarudishwa kwa sababu hakwenda na chupa tupu anaielewa biashara hiyo bila kufundishwa. Lebo ya karatasi hubanduka chupa inapooshwa, lakini jina lililo kwenye kioo halibanduki, na mshindani akijaza soda yake kwenye chupa zako anaumbuka mbele ya wateja. Chupa nyingi za enzi hizo ziliandikwa waziwazi kwamba haziuzwi, au kwamba ni mali ya fulani.

Soda ni nzito na haikustahili gharama ya kusafirishwa mbali, kwa hiyo karibu kila mji wenye watu wa kutosha ulikuwa na mtengenezaji wake. Wauza dawa nao walifanya vivyo hivyo, kila mmoja na chupa yake ndogo yenye jina la duka na mtaa. Hapo ndipo ilipo ladha ya ukusanyaji huu. Duka lilifungwa, mwenyewe akafa, jengo likabomolewa, na pengine kilichobaki kusema kwamba fulani aliwahi kuuza soda katika mji huo ni chupa ile tu.

Maandishi yaliingiaje? Kioo cha moto kilipulizwa ndani ya kalibu ya chuma, yaani chombo cha kukipa umbo, ambayo herufi zake zilichongwa kinyume. Kuchonga kalibu nzima kwa mteja mdogo wa mji mdogo kulikuwa ghali, hivyo viwanda vya Marekani vikazoea kutumia bamba dogo la kuchomeka: kalibu ni moja, bamba la mteja huyu likitolewa linaingia la mwingine. Ndiyo maana chupa mbili za miji isiyojuana zinaweza kulingana kila kitu isipokuwa jina. Mchongaji naye alikosea mara kwa mara, hasa herufi N na S, ambazo hutokea zimegeuka. Kosa la namna hiyo halishushi thamani ya chupa. Aghalabu huipandisha.

Ukitaka chupa moja ya kuishika mkononi na kuitazama kwa makini, itafute ile ya gololi. Mwingereza Hiram Codd aliisajili mwanzoni mwa miaka ya 1870. Shingoni mna gololi ya kioo na karibu na mdomo mna pete ya mpira. Chupa ilijazwa ikiwa kichwa chini, gololi ikaanguka kwenye mpira, kisha gesi ya soda yenyewe ikaibana hapo isitoke hata tone. Mnywaji aliisukuma gololi ndani, na vishimo viwili vilivyofinywa shingoni viliikamata isizibe tena wakati wa kumimina. Ni ubunifu wa kupendeza kweli, uliokuwa na adui mmoja: watoto. Walizivunja chupa ili wapate gololi za kuchezea, na hiyo ni sababu mojawapo ya nzima kuwa adimu kuliko idadi iliyotengenezwa. India bado wanauza soda katika chupa za aina hii, na Wajapani pia.

Umri wa chupa husomwa zaidi kwenye mshono, ule mstari mwembamba ulioachwa na vipande viwili vya kalibu. Mshono ukipanda ukakatika kabla ya kufika mdomoni, chupa ilipulizwa kwa pumzi ya mtu na mdomo wake ukamaliziwa kwa mkono. Ukipita mpaka juu ya mdomo, hiyo kwa kawaida ni kazi ya mashine, ya baada ya Michael Owens wa Toledo, Ohio, kuleta mashine yake ya chupa mwaka 1903. Kovu la mviringo kitakoni, mahali fimbo ya chuma iliposhika kioo, huashiria umri mkubwa zaidi.

Tarehe iliyoandikwa kwenye chupa ni mtego. Chupa ya Coca-Cola yenye umbo la kiuno ilibuniwa mwaka 1915 kwenye kiwanda cha kioo cha Terre Haute, Indiana. Zipo zenye tarehe 25 Desemba 1923, na wapo wanaoapa kwamba zilitengenezwa Krismasi ile. Hiyo ni tarehe ya hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu usiigwe, na chupa zenye tarehe hiyo ziliendelea kutolewa kwa miaka mingi baadaye. Geuza kitako badala yake: chupa za kale za kinywaji hicho huko Marekani ziliandikwa hapo jina la mji, na kuna watu wanaokusanya miji hiyo tu.

Bei haifuati uzuri. Chupa ya samawati iliyokolea huvutia mnunuzi yeyote, lakini ya kijani iliyopauka, kutoka kijiji ambacho mtengenezaji wake alidumu muda mfupi, inaweza kugombewa vikali na watu wa hapo huku ugenini haitazamwi.

Nyingi hufukuliwa kwenye majalala ya zamani na mashimo ya vyoo yaliyofukiwa, ambamo kaya zilitupa kila kitu. Mashimo hayo huporomoka na yameua wachimbaji, na ardhi huwa na mwenyewe, kwa hiyo ruhusa huombwa kwanza. London huruhusiwi kupekua kingo za mto Thames bila kibali cha mamlaka ya bandari. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kwa anayechimba kutafuta vitu vya kale. Atakayeokota chupa kihalali na aandike papo hapo ilitoka wapi, kwenye shimo gani na pamoja na vitu gani, maana taarifa hiyo haiwezi kusomwa tena kwenye kioo ikishafika kabatini.